Keki Iliyosafiri Ndani ya Buti

Merle Rowett alikuwa mfupi, na ufupi ndio uliompeleka ndani ya buti la gari. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wapo watu wanaopenda kumgeuza mtu malaika akishaondoka kazini, na Merle hakuwa malaika hata kidogo. Ulimi wake ulikuwa mkali, alivuta sigara za kusokota, na ukichelewa chai ya saa nne alikunywa yake na yako. Mimi naitwa Clem Hosking. Nilikuwa dereva wa majaribio katika kiwanda cha magari cha Wakeham, kaskazini mwa Adelaide, na kwa miaka kumi na moja nilimwendesha mwanamke huyo akiwa amelala nyuma yangu gizani, ndani ya buti, tochi mkononi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gari moja linatangulia kwenye barabara ya vumbi, la pili linafuata karibu karibu, ndani ya wingu lile lile. Ndani ya buti la hilo la pili analala mtu, leso usoni, miwani ya kuogelea machoni, anamulika kila pembe. Vumbi likipenya, anatia alama ya chaki pale linapopenyea. Akipiga teke moja, punguza mwendo. Mawili, simama. Matatu, simama upesi, Merle anataka kutapika. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa wakiona wanacheka. Kwao lami inafika mpaka mlangoni. Kwetu mkulima akienda kanisani ni maili ishirini za vumbi kwenda na ishirini kurudi, na gari lisilozuia vumbi ni debe lenye magurudumu.

Alianza kiwandani kwa kushona vitambaa vya viti. Mumewe Perce alikuwa amekufa, watoto hawakujaliwa, na cherehani aliijua. Siku moja mwaka 1967 akatumwa kupeleka zulia la buti kwenye karakana ya majaribio, akamkuta mhandisi mmoja, jitu la futi sita na zaidi, amekwama nusu ndani nusu nje, miguu inaning'inia.

"Unatafuta nini humo, baba? Panya?" Merle akamuuliza.

"Vumbi," lile jitu likajibu kutoka ndani. "Linaingia na hatujui linapitia wapi."

"Toka nikuonyeshe."

Walimvuta yule bwana kwa miguu, Merle akaingia na sketi yake, wakafunga, wakaendesha. Alipotoka nywele zilikuwa nyekundu kwa udongo, na kulikuwa na alama tatu za chaki. Wahandisi wakakubali mbili, ya tatu wakaicheka. Wiki iliyofuata wakagundua kwamba hata ya tatu ilikuwa kweli. Hakurudi tena kwenye cherehani.

Vumbi alikuwa akilijua tangu utotoni. Alizaliwa kwenye shamba la ngano nje ya Mundarra, mji wenye silo moja, baa moja na ukumbi wa bati. Mama yake alikuwa mwokaji. Siku ya maonyesho ya kilimo, alfajiri, kina mama wote wa wilaya ile hutoa keki zao za sponji, wanazipakia ndani ya buti, wanaanza safari wakiomba Mungu. Merle akiwa na miaka tisa alisafiri na mama yake hivyo. Walipofungua buti, keki ilikuwa imevaa ngozi ya kahawia. Jaji aliisogeza tu pembeni kwa kisu. Jioni mama akawamwagia kuku, keki yote, na krimu yake.

Kwa hiyo Merle alikuwa na jaribio lake mwenyewe. Wahandisi walitandika karatasi nyeupe ndani ya buti, kisha wanapima vumbi kwa mizani ndogo kama ya kupimia dawa. Sawa, wafanye. Yeye aliweka keki ya sponji kwenye sahani, wazi, bila kifuniko, kando ya kichwa chake. Baada ya maili ishirini tunasimama, tunachemsha birika, anakata keki na kila mtu anakula. Akimpa mtu kipande anamuuliza neno moja tu: "Mchanga?" Nawe unajibu "Upo" au "Hamna." Hotuba hazitakiwi. Mwenyewe alikula wa mwisho, na hukumu yake haikukatiwa rufaa, maana babake alimng'olesha meno yote kabla ya harusi kama walivyofanyiwa mabinti wengi wa umri wake, ili bwana harusi asije kusumbuka na daktari wa meno. Meno ya bandia hayasamehi mchanga. Chembe moja ikiingia chini yake, Merle alikunja uso na gari likarudi karakana.

Mwaka 1978 tukawa na Brolga. Kabla yake tulikuwa tukiletewa michoro kutoka nje, tunarekebisha hapa na pale, tunabandika jina letu, tunajidai. Brolga lilichorwa hapa hapa, na watu tuliokuwa tukila nao pai kantini. Gari kubwa la familia, milango minne, watu sita wanakaa bila kugongana magoti, na buti la kuchukua kondoo wanne wenye adabu. Jina ni la yule korongo wetu wa kijivu anayecheza ngoma mabwawani. Siku gari la kwanza liliposukumwa nje ya karakana, wanaume wazima walivua kofia, na Ossie Lehmann, mhandisi mkuu, akapenga kamasi muda mrefu kuliko mafua ya kawaida. Nilijivuna, sifichi. Nilimpigia mke wangu Beryl simu kutoka kantini kumwambia rangi yake.

Majira ya baridi tukalijaribu mara saba, na mara saba keki ikapita. Hapo Merle akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda Mundarra kwenye mkutano wa kina mama, akasimama akasema, "Hili linazuia." Basi. Lakini mjini kule neno la Merle juu ya gari lilikuwa kama neno la daktari. Kwa miaka kumi na moja walimwuliza, naye alijibu, "Ngojeni." Sasa familia kumi na nne zikaandikisha majina kwa wakala kabla hata ya kuliona gari lenyewe.

Kisha mwenye kutuletea mpira wa kuzibia buti akachelewa. Ofisi ya manunuzi ikatafuta mpira mwingine, mgumu kidogo, mweusi vile vile, ukiuangalia huoni tofauti. Siku tatu kabla ya uzinduzi tukatoka na gari jeupe, lile lile litakalozinduliwa. Maili nane tu, nikasikia mateke mawili. Nilipofungua, Merle alikuwa ameketi kama mtu aliyefukuliwa. Keki ilikuwa ya kahawia.

"Mchanga?" akaniuliza, na kipande mkononi.

"Upo."

"Upo," akasema. "Upo tele, Clem."

Sasa mjue kwamba uzinduzi ulikuwa umekwisha kujengwa juu ya keki hiyo hiyo. Mkuu wa mauzo, Gavin Straker, mtu wa Melbourne mwenye viatu vya kung'aa, alisikia habari ya keki kantini akaruka kama aliyeokota dhahabu. Mpango wake ulikuwa huu: magari sita, waandishi wa habari kutoka kila jimbo, maili arobaini za vumbi mpaka ukumbi wa Mundarra. Gari jeupe lenye keki ya Merle linafuata nyuma kabisa, linakula vumbi la wote. Ukumbini buti linafunguliwa mbele ya kamera, na kina mama wanaandaa chai na kuila keki. Magazeti yalishaahidiwa.

Tukakutana ofisini kwa Lehmann, sisi wanne. Straker hakupandisha sauti. Watu wa namna ile hawapandishi.

"Bi Merle, hakuna anayesema uongo hapa. Tunaoka keki mbili tu. Moja inasafiri, moja inapumzika."

"Na ile iliyopumzika ndiyo italiwa."

"Hasa!"

"Basi tafuta wa kuipumzisha. Mimi naoka moja."

"Watu elfu tatu wanakula kwa gari hili, mama."

"Na Mundarra nao watakula. Vumbi."

Lehmann akaingilia kati. Huyu tulimheshimu, na Merle alimheshimu kuliko sisi wote. "Merle, ni wiki tatu tu. Mpira mzuri unakuja. Hakuna mteja atakayekabidhiwa gari kabla haujabadilishwa. Nakuapia kwa watoto wangu."

"Nakuamini, Ossie. Kwa hiyo lisemeni hilo hilo ukumbini. Mpira umechelewa, tupeni wiki tatu. Kina mama wamengoja miaka kumi na moja, watashindwa wiki tatu?"

Straker akacheka, kwa upole. Merle akasimama akafunga leso yake. "Naoka moja kama siku zote. Itasafiri, ikifika itajisemea."

Akatoka. Nilidhani nami nimeruhusiwa kutoka, lakini Straker akaniita kwa jina la kwanza.

"Clem, shemeji anaendeleaje?"

Beryl alikuwa na ugonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki nilimpeleka hospitali mjini, na kiwanda kilinivumilia. Miezi miwili kabla ya hapo watu mia mbili walipunguzwa, na kila mtu alijua kuna orodha ya pili. Straker hakuitaja orodha. Aliniuliza tu hali ya mke wangu, kisha akaniambia kwamba kwenye kijito kikavu, maili mbili kabla ya Mundarra, naweza kusimama dakika tatu bila kuonekana, na kwamba keki ya pili itakuwa ndani ya mkebe chini ya kiti.

Huwa nasikia watu wakisimulia mambo ya namna hii, wanajipa siku tatu za kushindana na moyo. Mimi nilisema sawa, nikaomba sigara.

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, jua kali, ngano imeanza kugeuka rangi. Merle alileta keki yake Burra, mji tulioanzia safari, akaiweka mwenyewe ndani ya buti, akaikingia pande zote kwa matambara isiteleze. Ilikuwa imeumuka vizuri, ya dhahabu, juu laini kama shavu la mtoto. Akafunga buti, akapanda gari la Lehmann, wakatangulia ukumbini. Hakuniambia kitu ila, "Usikanyage mashimo."

Nilikwenda nyuma ya magari matano ndani ya wingu jekundu. Kwenye kijito nikasimama. Nilipofungua buti ilikuwa kama tulivyojua. Nikatoa keki ya Merle, nikaifunika blanketi, nikaiweka sakafuni nyuma ya kiti changu. Nikalowesha tambara kwa maji ya chupa, nikapangusa buti lote, mpaka mikono ya shati ikalowa hadi kwenye viwiko. Nikafungua mkebe. Keki ya Straker, iliyonunuliwa duka moja la Adelaide, ilikuwa nzuri, imeumuka, ya njano, krimu inatoka pembeni. Niliiona sawa na ile ya kwanza. Mwanamume anaijua keki kwa mdomo tu, na hapo ndipo tulipojichimbia kaburi, Straker na mimi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Nje watoto, ndani kina mama kwa kofia zao, mabirika makubwa yanatoa mvuke, sahani za skonzi zimefunikwa neti. Straker akatoa hotuba juu ya gari la nchi hii, lililochorwa na mikono ya nchi hii, kwa barabara za nchi hii. Hotuba nzuri, na sehemu kubwa ilikuwa kweli. Kisha tukatoka wote, nikageuza ufunguo, buti likainuka.

Buti safi, na keki ya njano katikati, inang'aa. Kamera zikalia, watu wakapiga makofi. Nikamwangalia Merle. Hakupiga makofi. Alikuwa akiiangalia keki kama unavyomwangalia mtu aliyevaa koti lako.

Aliyekuwa na kazi ya kuikata ni Bi Thora Kneebone, jaji wa keki wa wilaya ile kwa miaka ishirini na sita, mwanamke mkubwa mwenye miwani inayoning'inia kwa mnyororo. Akaivaa miwani, akainama. Akakaa hivyo hivyo, ameinama. Makofi yakapungua.

"Merle," akasema bila kuinuka, "tangu lini unaacha alama za waya?"

Sasa hilo, sikulijua mimi, wala Straker, wala mwandishi yeyote wa Sydney. Lakini kila mwanamke pale alijua. Keki ya sponji ikitoka jikoni haigeuzwi kichwa chini juu ya wavu wa waya, inageuzwa juu ya kitambaa. Wavu ukigusa uso wa keki unaacha mistari, na keki yenye mistari haiingii hata mlango wa maonyesho. Mtoto wa miaka kumi analijua. Na hii ya kwetu ilikuwa na mistari minane, sambamba, kama reli.

Kina mama wakasogea. "Eti waya?" "Merle huyu huyu?" Mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

Uso wa Merle ulikuwa mwekundu mpaka masikioni. Niwaambie mjue: kumuuliza mwanamke wa Mundarra swali lile mbele ya watu, ni afadhali umuulize umri, na uzito, na mengine yote. Akaiangalia tena ile keki, kisha akaniangalia mimi. Akaiona mikono ya shati langu iliyolowa. Akasogea, akanipita, akafungua mlango wa nyuma, akainua blanketi.

Aliitoa keki yake akaiweka juu ya bampa la gari, kando ya buti. Ilikuwa ya kahawia kuanzia juu mpaka chini. Ukumbi mzima ulikuwa nje sasa.

"Hii ndiyo iliyosafiri," akasema. Akachukua kisu mkononi mwa Thora, akakata, akatia mdomoni, akatafuna. "Mchanga upo. Niliwaambia gari hili linazuia, na lilikuwa linazuia. Mpira umebadilishwa. Mpira mzuri unakuja baada ya wiki tatu. Msilichukue kabla."

Mwandishi mmoja, kijana mwenye ndevu, akauliza swali ambalo lazima lingeulizwa. "Nani alibadilisha keki?"

Straker alikuwa mwepesi kuliko sisi sote. Alinigeukia na uso wa mtu aliyeshtuka kweli. "Clem? Hii ni nini, bwana? Wewe ndiye uliyeendesha."

Nilimwona Beryl amelala hospitalini na mirija mkononi, nikawaona watoto wangu watatu, nikamwona na Merle. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Muda ulikuwapo wa kutosha, hilo nimelipima mara nyingi tangu siku ile. Sikusema.

"Nilibadilisha mimi," Merle akasema.

"Wewe?" Lehmann akasema.

"Mimi. Hapa hapa, kabla ya hotuba, Clem akiwa anakunywa maji. Nilitaka gari lipite. Sasa nimeona siwezi kulivunja neno langu, ndiyo hivyo."

Mwandishi akaandika. Thora Kneebone hakuandika. Aliinyooshea kidole ile keki ya njano.

"Na hii keki ya waya," akasema polepole, "umeioka wewe, Merle Rowett?"

Hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Kubadilisha keki ni kosa, watu husameheana. Merle alishika ukingo wa gari. Nilidhani ataniangalia, lakini hakuniangalia.

"Mimi, Thora," akasema. "Nilikuwa na haraka."

Barua ya kufukuzwa ilimfikia Jumatano. Ilisema ameingilia gari la uzinduzi bila idhini. Lehmann aligombana ofisini kwa wakubwa mpaka akasikika kantini, haikusaidia. Magazeti yaliandika siku mbili juu ya mwanamke wa keki, siku ya tatu yakarudi kwenye kriketi. Uzinduzi ulirudiwa baada ya wiki tatu mjini, juu ya lami, bila keki, na mpira mzuri. Brolga likauzwa vizuri. Straker alipandishwa cheo akarudi Melbourne. Mimi nilibaki na kazi yangu, na Beryl aliendelea kupelekwa mjini mara tatu kwa wiki, mpaka akapata figo ya ndugu yake. Yuko hai, anapika sasa hivi ninapoandika. Ndani ya buti waliweka mashine.

Merle alirudi Mundarra kwa kaka yake, akawa anapika katika baa. Sikumwandikia. Nilianza barua mara kadhaa. Nilijiambia kwamba ameshasahau, kisha nikajiambia kwamba kumkumbusha ni kumtonesha kidonda. Ukiwa mwoga hukosi sababu, zinakuja zenyewe kama nzi.

Mwaka uliofuata kiwanda kilinituma Mundarra na gari la kuonyesha kwenye maonyesho ya kilimo. Saa ya chai nilikaa mezani na watu. Nikapewa chai. Sahani ya keki ilizunguka, na ilipofika kwangu ilikuwa tupu. Ikajazwa, ikazunguka upande wa pili, ikaishia kwa mtu wa kabla yangu. Nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye nilikwenda huko kwenye mnada wa kondoo, kisha kwenye mazishi ya fundi mwenzangu mzaliwa wa kule. Chai nilipewa, na sukari, na maziwa, na habari za mvua. Sahani ilinipita kila mara, na hakuna aliyeninunia. Mimi ni mzito wa kuelewa, ilinichukua muda.

Mwaka 1980 nikaenda tena kwenye maonyesho, safari hii kwa hiari yangu, siku ya mapumziko. Nilikuwa nimesimama nje ya ukumbi nilipoona Brolga la kijani linaingia, limegeuka jekundu kwa vumbi hata rangi ilibidi uikisie. Lilikuwa la kaka yake Merle, na Merle ndiye aliyeliendesha, amekalia mto ili aone mbele. Akashuka, akafungua buti. Keki ilikuwa juu ya sahani, wazi, bila kifuniko. Maili thelathini za vumbi kutoka shambani.

Aliiingiza ndani. Thora akavaa miwani, akainama, akakata, akaonja. Akaweka utepe wa buluu, ule wa kwanza. Kina mama wakapiga makofi, na Merle akapangusa pua kwa kiganja kama mtoto.

Sikuwa nimepanga. Miguu ilitangulia, mimi nikaifuata. Nikasimama mbele ya ile meza, kofia mkononi, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka:

"Ile keki ya waya ilinunuliwa dukani. Niliibadilisha mimi, pale kijitoni. Merle hakuigusa."

Hakuna aliyeshangaa. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilitazama nyuso za kina mama wale, moja baada ya nyingine, na hakuna hata mmoja aliyeinua nyusi. Thora akavua miwani yake.

"Tunajua, Clem."

"Mnajua?"

"Kuna mwanamke hapa asiyejua keki ya duka? Ilikuwa inanuka mafuta ya duka tangu mlipofungua. Merle alipokubali kuwa kaioka yeye, tukajua kuna mtu anafunikwa. Tukatazama nani kalowa mikono."

"Mbona hamkusema? Alifukuzwa kazi!"

"Alituomba tusiseme. Siku ile ile, jikoni, anaosha vyombo. Alisema mkeo mgonjwa." Akainamisha kichwa kidogo. "Tukakubali. Lakini hatukukubali kukulisha."

Nilitaka ardhi ipasuke, nami nasema hivi nikiwa mtu mzima niliyepita miaka hamsini. Nilimgeukia Merle nikamwambia, "Nisamehe, dada."

Merle alikuwa ameshika kisu. Alikata kipande cha keki yake, akakiweka juu ya kiganja chake kama zamani, porini, birika likichemka, akaninyooshea.

Nikala. Nilitafuna polepole, nikaitafuta chembe kila pembe ya mdomo, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha.

"Mchanga?" akauliza.

"Hamna."

Akawageukia wenzake.

"Haya, Thora," akasema, "mpitishieni sahani huyu."